Mguu Uliokuwa Mzima

Kama ulipata polio utotoni, ukapona, ukasoma, ukaolewa, ukasahau kabisa habari zake, halafu siku moja mguu ule mzima ukaanza kukufanyia vituko, haya nimekuandikia wewe. Wengine wasome tu, hakuna anayewakataza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwembesongo, Morogoro mjini. Naitwa Leokadia, ila mtaani ni Mama Tumaini. Mguu wangu wa kulia ulikufa nikiwa na miaka mitatu. Nasema ulikufa, lakini ukinifinya nasikia, tena nasikia sana. Polio haichukui maumivu, inachukua nguvu tu. Wa kushoto ulibaki mzima, na ndio uliokanyaga cherehani miaka zaidi ya thelathini. Mguu huo ndio ulionisomeshea mtoto baada ya baba yake kufariki.

Ilianza Desemba, msimu wa sare za shule, wakati meza yangu haionekani kwa vitambaa vya bluu. Nilikuwa katikati ya mshono wa sketi, mguu wa kushoto ukasimama. Haukuuma. Ulisimama tu. Nikauangalia pale juu ya pedeli, nikauambia, "Haya." Ukaenda kidogo, ukasimama tena. Nikadhani mkanda wa cherehani umelegea. Nikaukaza mkanda, nikatia mafuta, nikafungua nikafunga, nikamlaumu hadi fundi aliyeitengeneza mara ya mwisho. Nilipoinuka jioni, goti likarudi nyuma, likapita pale linapotakiwa kuishia. Nikashika meza.

Sikumwambia mtu. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifanya ujinga nilioufanya.

Nimezaliwa milimani, huko juu Mgeta, kwenye kabichi na njegere na baridi. Homa iliponiacha na mguu mmoja, mama alinifunga mgongoni akaendelea na shamba lake. Juu kabisa ya shamba kuna jiwe bapa. Asubuhi alikuwa ananiweka pale, ananifunika kanga, anasema, "Kaa hapa, narudi." Kisha anashuka na jembe, tuta kwa tuta, mpaka anakuwa mdogo kule chini karibu na mfereji wa maji. Mimi nakaa. Sikuwa na la kufanya ila kuangalia. Niliangalia lile shamba miaka minne mfululizo, kila siku isipokuwa Jumapili. Jioni mama anapanda, anachuchumaa mbele yangu, ananipa mgongo. "Haya, nimerudi. Panda."

Nilipofikisha miaka saba masista wakanichukua misheni, wakanivalisha chuma cha mguu, wakanifundisha kutembea. Pale kulikuwa na neno moja marufuku: siwezi. Ukilisema, unasimamishwa mbele ya wenzako useme "naweza" mpaka sista aridhike. Nawashukuru, jamani, siwasemi vibaya. Bila wao ningekuwa bado juu ya jiwe. Nilitoka pale na chuma kimoja na ubishi wa watu kumi, na tangu siku hiyo sikupanda mgongo wa mtu.

Masika yaliyofuata baada ya ule msimu wa sare, mama akafariki. Alikuwa mzee, tulitegemea, lakini kutegemea hakusaidii kitu. Nililia kaburini. Baada ya hapo machozi yakakatika, na yalikatika kabisa. Watu walikuwa wanakuja kunipa pole, nawaambia asanteni, nawauliza na wao habari za nyumbani. Binti yangu Tumaini alikuwa ananiangalia kwa kando. Nikadhani ndiyo kukomaa.

Kwetu Uluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mama alikuwa na binti mmoja, mimi. Mkubwa wa ukoo sasa ni Mjomba Benedikti, kaka yake pekee aliyebaki. Kwenye ukoo wetu mrithi haanzi na karatasi. Msiba ukitimiza mwaka, mjomba anatangulia na panga, mrithi anamfuata peku, wanazunguka mipaka yote ya shamba. Kila kona mrithi anakanyaga mara tatu. Mwisho mjomba anauliza mbele ya watu, "Nani kakanyaga?" Aliyekanyaga anajibu, "Mimi." Basi, limekwisha. Sijawahi kusikia kesi ya shamba lililokanyagwa.

Siku ya tatu ya msiba Mjomba aliniita pembeni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mwakani masika yakianza kukata tunamaliza msiba. Utakanyaga?"

"Nitakanyaga."

"Nauliza kwa sababu nimekuona ulivyokuwa unateremka pale kaburini."

"Nitakanyaga, Mjomba."

"Kama huwezi, sema mapema. Kandida yupo, binti wa mama yako mdogo. Naye ni tumbo hilohilo. Shamba halikai bila miguu, Leokadia."

Hakunisema kwa ubaya. Lakini aliposema "kama huwezi" nilijiona nimerudi misheni, nimesimamishwa mbele ya wenzangu. Nilitaka lile shamba. Si kwa kulima, nilime na nini? Nililitaka kwa sababu mama yumo, na kwa sababu sijawahi kufika kule chini. Hata na chuma changu, mama alikuwa anakataa, anasema matuta yanateleza. Miaka yote hii nalijua shamba la mama kwa macho tu. Nilitaka mara moja kufika kwenye mfereji kwa miguu yangu mwenyewe.

Nikarudi mjini na mwaka mmoja mkononi.

Sasa sikiliza ujinga wangu vizuri, maana ndio sababu ya kukuandikia. Nilijiambia mguu umelegea kwa uvivu, kwa hiyo dawa yake ni kazi. Sare zilikuwa zimekwisha, nikachukua kazi za kushona mapazia, nzito zile, ili tu nikanyage zaidi. Na kila asubuhi kabla jua halijawa kali nilikuwa natoka Mwembesongo kwa miguu mpaka Msamvu, stendi ya mabasi ya mikoani, nageuka narudi. Majirani walinisifu. "Mama Tumaini, unatushinda sisi wazima!" Nilikuwa nasikia raha, nikifika nyumbani nalala chini sakafuni dakika kadhaa kabla ya kuweza kuvua chuma.

Hospitali nilikwenda, usidhani. Niliingia kwa daktari mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, tukisogea kila mmoja akiitwa, ukisogea unakuta joto la aliyekuwepo. Mama mmoja alikuwa anajipepea na bahasha ya picha yake ya eksirei. Televisheni ukutani ilikuwa inaonyesha mapishi, haina sauti. Daktari akaniambia, "Umri, mama," akanipa vidonge vya maumivu. Mara ya pili daktari mwingine akasema baridi yabisi, akanipa vidonge vingine, na mafuta ya kuchua. Hakuna aliyeniuliza habari za polio, na mimi sikuona haja ya kuisema. Polio ilikuwa mguu wa kulia, miaka hamsini iliyopita. Mimi nilikuja kwa ajili ya wa kushoto.

Fundi hawezi kukaa bila kupima. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa najifungia chumbani, nalipima paja la kushoto kwa tepu, pale pale kwenye alama ya kovu. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Jina la mteja nikaliandika Bi Mguu. Inchi kumi na saba na nusu. Baada ya wiki chache, kumi na saba. Kumi na sita na nusu. Mteja alikuwa anapungua na mimi namwongezea kazi. Niliona namba zinashuka, nikaziandika kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari nikaenda kupika. Huo ndio ulikuwa mwaka wangu. Vitu vilikuwa vinatokea, mimi naviandika.

Kipupwe kikaingia. Mguu wa kulia ukipata baridi unakuwa wa zambarau, huo nimeuzoea, nauvalisha soksi mbili. Mwaka huo wa kushoto nao ukaanza kuiga. Asubuhi moja nimefika Msamvu, karibu na geti mabasi yanapoingilia, goti la kushoto likarudi nyuma, likaenda lote. Nilikaa chini. Sikuanguka kwa kishindo, nilikaa tu, katikati ya watu na mabegi. Wapiga debe wakanizunguka. Mmoja akachuchumaa, akaniuliza kwa heshima kabisa:

"Mama, shikamoo. Unaelekea wapi?"

"Sielekei popote, mwanangu."

"Dodoma? Iringa? Tukupandishe?"

"Nimesema sielekei popote. Nimekuja kutembea."

Wakatazamana. Wakaninyanyua wakaniweka kwenye kiti cha muuza maji, mwenye kiti akanipa chupa moja akakataa kulipwa. Nilikaa pale asubuhi nzima nikiangalia mabasi yakitoka. Sikuona aibu. Nilikuwa nasubiri aibu ije, haikuja, na hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Tumaini ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi na mimi. Siku hiyo jioni alikuwa anatafuta vipimo vya gauni la mwalimu mwenzake, akafungua daftari langu kwa nyuma.

"Mama, Bi Mguu ndiye nani?"

Akasoma zile namba mpaka chini, na tarehe zake. Mwalimu ni mwalimu, haruki mstari.

"Miezi sita," akasema. "Kila siku nakuuliza, mama unaendeleaje, unaniambia mzima kabisa."

"Sikutaka kukusumbua."

"Umenisumbua. Mimi nimechoka, mama. Sijachoka kukuhudumia, hata hujawahi kuniruhusu. Nimechoka kudanganywa ndani ya nyumba yetu."

Akaingia chumbani kwake. Wiki nzima ikawa shikamoo na marahaba tu. Anapika, anapakua, anakula, anasahihisha madaftari ya watoto. Mimi nashona. Nilijua nimemuumiza, nilijua kama mtu anavyojua kwamba nje kuna mvua. Kichwa kilijua, mwili haukushtuka.

Mara ya tatu hospitali tulikwenda wote wawili, na yeye ndiye aliyeongea. Akasema polio kabla hatujakaa vizuri. Wakatupeleka chumba cha mazoezi ya viungo, kwa dada mmoja mdogo tu, Rehema, ana kucha safi na mikono ya moto. Akanilaza, akanisukuma mguu, akasema nisukume na mimi. Akapima paja kwa tepu. Nikamwambia namba kabla hajaisoma, akacheka.

"Polio ilikupata mguu gani, mama?"

"Kulia."

"Na huu unaokuangusha ni kushoto."

"Ndiyo."

Akaweka tepu chini. "Polio haikukupata mguu mmoja. Huu wa kushoto nao uliguswa, ila ulijikaza. Umefanya kazi ya miguu miwili miaka hamsini. Sasa umechoka. Unafanya mazoezi yoyote?"

Nikamweleza kwa majivuno, nakiri, habari za Msamvu na mapazia. Yule binti akajishika uso kwa viganja.

"Mungu wangu, mama. Ungekuwa unalala ungekuwa na nguvu kuliko sasa."

"Kwa hiyo nipumzike, halafu nguvu zirudi?"

"Zilizokwenda hazirudi. Tunalinda zilizobaki. Upumzike kabla hujachoka, sio baada ya kuchoka. Magongo mawili, yote mawili, sio moja la kuazima. Chuma cha pili, cha mguu huu. Na milima, hapana."

"Kuna mlima mmoja tu," nikasema. "Masika yajayo. Ni siku moja."

"Hapana, mama."

Feni ya dari ilikuwa na bawa moja lililopinda. Niliangalia lile bawa likizunguka. Tumaini alikuwa analia, Rehema alikuwa anaandika, na mimi nilikuwa naangalia feni. Sikusikia kitu. Wengi mtadhani uchungu ndio mbaya kuliko yote kwenye ugonjwa huu. Mimi nakwambia ganzi ni mbaya zaidi, maana uchungu angalau unakufanya upige kelele watu waje.

Kuanzia hapo miezi yangu ikahesabika kwa vitu vya hospitali. Kuna mwezi wa magongo, ambao makwapa yaliota sugu. Kuna mwezi wa kwenda karakana kupigwa plasta ya mguu kwa ajili ya chuma kipya, mzee wa karakana anapima na mimi namsahihisha, mpaka akaniuliza kama nataka kazi. Kuna mwezi wa kujifunza kulala mchana, na huo ndio ulikuwa mgumu kuliko yote. Rehema alisema kila baada ya chakula nijinyooshe saa nzima. Nilikuwa najinyoosha huku nasikia majirani wanatwanga, wanafua, wanaitana, na mimi mtu mzima, mama wa mtu, nimelala kama mzazi wa jana. Niliona haya nyumbani kwangu mwenyewe. Ukiambiwa ulale, lala. Usikie haya, lakini lala.

Mvua za vuli zilipoanza, Tumaini alikuja na fundi akafunga mota kwenye cherehani yangu. Hakuniuliza. Wiki mbili sikuigusa, nilikaa mbele yake nashona vifungo kwa mkono. Siku ya kwanza ya msimu wa sare mpya, watoto wamejaa mlangoni na mama zao, nikakosa ujanja. Nikabonyeza. Ikanguruma, ikamaliza upande mzima wa sketi kabla sijameza mate. Nikatazama chini. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imekaa tu, haina kazi, kama wageni waliofika mapema. Tumaini alikuwa anapita na ndoo.

"Mama, unaonaje?"

"Inapiga kelele," nikasema.

Akacheka. Ndio tukaanza kuongea tena kama zamani.

Lakini shamba lilikuwa palepale. Januari ikaisha, Februari, mvua za masika zikaanza kutuma mawingu kileleni. Siku moja baada ya kulala kwangu kwa mchana nikachukua simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Unakuja?"

Niliandaa maneno mengi. Likatoka moja.

"Siwezi."

Nadhani naye hakuwahi kulisikia kwangu. Nilikuwa na miaka karibu sitini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nalitamka neno hilo kwa sauti tangu misheni.

"Tumaini akanyage kwa niaba yangu," nikasema. "Ni tumbo langu."

"Tumaini anapajua huku?"

"Atapajua."

"Mlete," akasema Mjomba. "Na wewe uje uone."

Tumaini hakutaka. Sikufichi. Yeye ni mtoto wa mjini, kijijini kwetu alikuwa anaona baridi na tope tu. "Nikafanye nini na kabichi, mama?" Nikamwambia si lako, ni langu, wewe unaniazima miguu tu. Ukiulizwa nani kakanyaga, sema ni mama. Akaafiki kwa sharti hilo. Tulifanya hata majaribio ukumbini, mimi nikiwa Mjomba.

Tukaenda mwishoni mwa masika. Gari tulilokodi lilipita Mzumbe, likaacha lami, likapanda mpaka ilipoishia njia. Kutoka pale ni njia ya miguu, na vijana wanne wa ukoo walikuwa wananisubiri na machela, miti miwili na blanketi. Kwetu machela inabeba wagonjwa na wajawazito. Mama yangu aliteremshwa nayo hospitali mara ya mwisho. Nilikuwa nimeapa kwamba mimi hapana. Nikaangalia njia, nikaangalia magongo yangu, nikalala kwenye blanketi. Wakaniinua. Njia nzima walikuwa wanataniana nani kabeba upande mzito. Mimi niliangalia mawingu na matawi, nikawaza chuma kisikwangue mtu.

Mjomba alikuwa amesimama mbele ya nyumba na watu wa ukoo. Hakusema umefika.

"Umeletwa," akasema.

"Nimeletwa, Mjomba. Shikamoo."

Wakanipeleka shambani, wakauliza wanitue wapi. Nikawaonyesha lile jiwe bapa. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka, lakini linakalika. Chini yangu matuta yalishuka yote, mahindi, maharage, njegere, mpaka mfereji unaong'aa. Tumaini akavua viatu, akavipanga kando ya jiwe, akanifunika kanga mapajani maana kulikuwa na ukungu.

"Kaa hapa, mama, narudi," akasema.

Sijawahi kumsimulia. Hata baba yake sikuwahi. Akashuka nyuma ya Mjomba, anashika mahindi asiteleze, na mimi nikabaki naangalia, kazi niliyoizoea.

Kona ya kwanza akakanyaga mara tatu. Kona ya pili pia. Watu wakafuata. Ya tatu ni kule chini. Mjomba macho yake si mazuri siku hizi. Akasimama kwenye masale, majani ya kuwekea mipaka, yaliyoota juu ya mfereji, akapiga panga chini, "Hapa."

"Mjomba!" nikaita. "Hapo sipo!"

Wote wakageuka wakatazama juu.

"Wewe unajuaje? Hujawahi kufika huku!"

"Vuka mfereji! Kuna jiwe jekundu, mama alikuwa ananolea jembe hapo kabla ya kuanza kupanda kurudi!"

"Upande ule ni wa Kandida!"

Kandida alikuwa katikati ya watu, kajifunga kitenge, maharage yake yamestawi ng'ambo ya mfereji mpaka ukingoni. Angeweza kunyamaza. Nilimwona anatazama maharage, anatazama juu kwangu. Kisha akavuka mfereji, akayafungua majani kwa mikono.

"Jiwe lipo," akasema. "Mimi ndiye niliyelipita. Dada anasema kweli."

Mjomba akavuka. Tumaini akakanyaga mara tatu, katikati ya maharage ya watu. Kona ya nne ilikuwa karibu. Halafu Mjomba akachomeka panga ardhini, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu:

"Nani kakanyaga?"

"Mama yangu," Tumaini akajibu, kama tulivyopanga.

"Sikuuliza nani anapataka. Nani kakanyaga?"

"Nimekanyaga kwa niaba ya mama."

"Ardhi haijui niaba. Nauliza mara ya mwisho. Kama hakuna aliyekanyaga, tutamwita Kandida azunguke."

Tumaini akainua uso kunitafuta. Nilimwona mdogo kule chini karibu na mfereji. Nikaelewa sasa Mjomba aliposema "Mlete" kwenye simu alikuwa amekubali nini. Shamba halikuwa langu na halitakuwa. Lilikuwa linatoka kwa mama linaenda kwa mwanangu, na mimi nimekaa hapo katikati juu ya jiwe. Nikisema hapana, linatoka kabisa. Nikainua gongo moja juu ili anione vizuri.

"Sema, mwanangu!"

"Mimi," Tumaini akasema. Hakusikika.

"Nani?"

"Mimi!"

Vigelegele vikapigwa. Akina mama wakaanza kuimba wakipanda kuelekea nyumbani, ambako chakula kilikuwa tayari. Vijana wa machela walikwishatangulia kwenye sufuria. Mimi nilikaa nikisubiri kuumia. Nimelipoteza shamba, na nimelipoteza kwa mdomo wangu. Nikatafuta uchungu kama mtu anavyopapasa mfuko kutafuta ufunguo. Hakuna.

Tumaini alipanda mwisho, peke yake, anahema, tope mpaka magotini. Akasimama mbele yangu.

"Mama, nimesema mimi."

"Nimesikia."

"Sikutaka."

"Najua. Sasa ni lako. Utapalilia."

Akatazama huku na huku, machela haipo, watu wamekwenda. Akafuta mikono kwenye gauni. Kisha akageuka, akachuchumaa, akanipa mgongo.

"Haya, nimerudi," akasema. "Panda."

Niliangalia ule mgongo. Gauni lilikuwa na mshono wangu katikati, nimeushona mwenyewe. Nikaweka magongo kando ya viatu vyake. Nikamshika mabega, nikapanda, na hata hajasimama sawasawa likanitoka. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kilio cha mwaka mzima, nalia mama, nalia mguu wangu, nalia mfereji ambao sitaufikia. Nilimlowesha shingo yote. Tumaini hakugeuka wala hakuniambia nyamaza. Alinipandisha vizuri mgongoni kama wanavyopandishwa watoto, akaipima hatua yake ya kwanza kwenye tope.

"Lia tu, mama," akasema. "Ila usitikisike, nitateleza."